Trauti Mzima Ndiye wa Kuogopa: Namna ya Kuzuia Maradhi ya Bakteria Yasiingie Shambani

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Kwangu mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Wageni wenyewe walikuwa vifaranga 800 wa trauti wa upinde wa mvua, samaki wa maji baridi, urefu wa kidole cha kati, niliowanunua kwa bei iliyonifurahisha. Walikuwa wanang'aa, wanarukia chakula kabla hakijagusa maji. Nikawaweka kwenye mfereji wa juu kabisa, kwa kuwa ndiko maji yanakoingia yakiwa baridi na safi. Mgeni hupewa kiti kizuri.

Nina mifereji minne ya saruji iliyopangwa kwa ngazi kwenye mteremko, upande wa Nyeri, chini kidogo ya msitu wa Nyandarua. Maji yanaingia wa kwanza, yanamwagikia wa pili, wa tatu, wa nne, kisha yanarudi mtoni. Baba mkwe wangu, aliyeijenga, alisema mpangilio huo unayapa maji hewa kila yanapoanguka. Ni kweli. Ila maji yaleyale yanabeba na kila kinachotoka kwa samaki wa juu.

Siku ya 12 kijana wangu wa kazi alikuja jikoni kabla sijawasha jiko. "Mama, njoo uone. Wengine wamesimama tu kwenye wavu wa kutokea maji, chakula hawataki." Mikia yao ilikuwa imechanika, imekuwa myeupe kama karatasi iliyolowa, na wawili watatu nyama ya mkia ilikuwa imeliwa hadi mfupa unaonekana. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya mfereji wa pili. Halafu wa tatu. Kufikia mwisho tulikuwa tumezika samaki 1,100 na ushei, na wengi wao hawakuwa wale wageni. Walikuwa wangu mwenyewe, niliowalea tangu mayai.

Maabara ilikuza bakteria wa jamii ya Flavobacterium, wanaosababisha maradhi ya maji baridi. Bakteria hawa hushambulia hasa maji yakiwa chini ya nyuzi 16, na maji yangu mwaka mzima huwa kati ya 11 na 13. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu lililonikaa: "Hao wageni, uliwaona wagonjwa?" Nikasema hapana, walikuwa wazima kuliko wangu. Akacheka kidogo. "Basi ndio walioleta."

Tangu siku hiyo nimepanga kazi zangu zote kwa kudhani kwamba samaki anayeonekana mzima huenda ni mbebaji. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya, na sababu zake.

Wajue maadui kwa sura

Maradhi ya bakteria ya trauti na ndugu yake samoni ni mengi, lakini kwa mfugaji mdogo manne yanatosha kukaa kichwani.

La kwanza ni hilo la maji baridi nililokwisha kulieleza. Kwa vifaranga wadogo sana mkia unaweza usionyeshe chochote. Utaona samaki wamekuwa weusi, mashavu ya kupumulia yamepauka kwa kukosa damu, na ukimpasua mmoja wengu umevimba.

La pili ni la mdomo mwekundu, la bakteria Yersinia ruckeri, aliyepatikana kwanza kwa trauti wa Idaho huko Marekani katika miaka ya 1950. Damu huvilia mdomoni, kooni na kwenye mizizi ya mapezi, macho hutokeza, na utumbo hujaa majimaji ya njano. Hili hupenda maji yakipanda kufikia nyuzi 15 na zaidi. Samaki aliyepona huendelea kumbeba bakteria kwenye utumbo na kumtoa kwa kinyesi, hasa akisumbuliwa.

La tatu ni la majipu, la Aeromonas salmonicida. Jipu lenyewe huonekana zaidi kwa samaki wakubwa ambao ugonjwa umewakalia. Wadogo hufa upesi kabla jipu halijatokea. Kwa hiyo usisubiri jipu.

La nne ndilo ninaloliogopa kuliko yote, la figo, linaloletwa na Renibacterium salmoninarum. Linakwenda polepole, miezi, samaki anakula na kukua. Ukimpasua unaona figo, ule utepe mwekundu mweusi ulioshikamana na uti wa mgongo, umevimba na una vinundu vyeupe au vya kijivu. Bakteria huyu hukaa ndani ya yai lenyewe. Mama humpa mtoto. Utaona baadaye kwa nini hilo linabadilisha namna ya kununua mayai.

Ukiona vinundu hivyo usijifanye daktari. Mimi mwenyewe niliwahi kuona vinundu nikalia, kumbe ilikuwa kitu kingine kabisa. Macho hukisia, maabara ndiyo husema.

Mlango mkubwa kuliko yote: samaki na mayai unayonunua

Trauti si samaki wa kwetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 na kupandwa mto Gura. Wa upinde wa mvua wakafuata baadaye, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha Kiganjo cha kutotolesha. Maana yake kila trauti aliyeko mlimani alifika kwa ndoo ya mtu, na maradhi yake hupitia ndoo hiyohiyo.

Wanorwe walilijua hili kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa majipu uliingia kwao mwaka 1964 na trauti kutoka Denmark, ukatulia. Mwaka 1985 ukaingia tena na samoni wadogo kutoka Uskoti, na mara hii ukatapakaa mamia ya mashamba ya pwani ndani ya miaka michache. Shehena moja ya samaki wanaoonekana wazima. Mwaka 1987 Norwe ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwenye samaki. Kilichowatoa si dawa bali chanjo, pamoja na nidhamu ya kutenga mashamba na kuyapumzisha. Siku hizi hutumia chini ya tani moja ingawa samoni wao wameongezeka mara nyingi. Chile, ambako bakteria mwingine, Piscirickettsia salmonis, alitokea mwaka 1989, bado wanatumia mamia ya tani kila mwaka.

Basi ukiweza, nunua mayai yenye macho, yaani yale ambayo macho ya kifaranga yanaonekana ndani, badala ya vifaranga. Yai linaweza kuoshwa kwa dawa, kifaranga hawezi. Na ukimpata muuzaji, muulize mambo matatu: samaki wazazi walipimwa lini, walipimwa ugonjwa wa figo au hapana, na maji yake ni ya chemchemi au ya mto. Anayekasirika kwa maswali hayo mwache na samaki wake.

Kuosha mayai ninafanya hivi. Natumia iodini ya kuoshea mayai ya samaki, siyo ile ya kidonda yenye spiriti, wala iliyochanganywa na sabuni. Kipimo ni miligramu 100 za iodini kwa lita moja ya maji, kwa dakika 10. Chupa ikiandikwa iodini 1%, ni mililita 10 kwa lita. Maji yetu ya mlimani ni laini, na iodini huyageuza kuwa makali kama siki hadi yakaunguza mayai, hivyo kwanza natia bikaboneti ya kuokea kidogo na kupima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa maji. Nataka isome kati ya 6 na 8. Maji ya dawa yawe na joto sawa na ya mayai. Rangi ni ya chai ya rangi. Ikififia na kuwa njano hafifu, dawa imekwisha nguvu, mwaga utengeneze nyingine. Baada ya dakika 10 suuza kwa maji safi, na siyo maji ya mto. Mayai yaliyobakiza siku chache kuanguliwa usiyaguse kwa iodini, utayaua. Boksi, barafu na vitambaa vilivyokuja nayo havipiti mlango wa nyumba ya kutotolesha. Vinachomwa nje.

Sasa turudi kwa ugonjwa wa figo. Iodini huua kilichoko juu ya ganda. Kilichoko ndani ya yai haikifikii. Bakteria wa maji baridi naye amepatikana juu ya mayai na hata ndani. Ndiyo maana swali la wazazi kupimwa halina mbadala. Wengi huosha mayai wakadhani wamemaliza.

Karantini, na ni wapi

Kama huna budi kununua vifaranga, waweke mfereji wa mwisho. Nimelipia somo hili kwa samaki 1,100, wewe lichukue bure. Wageni wakae chini ya wenyeji, maji yao yasipite kwa mtu mwingine, kwa siku 30. Afadhali zaidi ni tangi peke yake lenye bomba lake. Maji ya mwisho ni ya joto kidogo na yana oksijeni kidogo, basi wapunguze idadi, usiwasonge.

Katika siku hizo 30 wape sababu ya kuonyesha walichokificha. Mbebaji aliyetulia hutoa bakteria akisumbuliwa. Mimi siku ya 15 huwapanga kwa ukubwa kwa wavu, kazi ambayo ningeifanya hata hivyo, kisha nawaangalia wiki mbili zinazofuata. Yatokee huko chini, yasitokee juu.

Kazi za kila siku zinazobeba ugonjwa

Mpangilio ni vifaranga kwanza, wakubwa baadaye, wagonjwa mwisho. Kijana wangu alikuwa akianza na wakubwa kwa sababu ndio wanaouzwa hotelini na ndio anaowapenda. Nilimwonyesha kwa unga: nilipaka wavu unga wa ngano, nikamwambia afanye kazi zake kama kawaida, tukahesabu mahali unga ulipofika. Ulifika kwenye mpini wa ndoo ya chakula, kwenye suruali yake, kwenye kitasa cha stoo. Hajaanza na wakubwa tena.

Kila mfereji una wavu wake na brashi yake. Nimepaka mipini rangi: buluu, nyeupe, njano, nyekundu. Wavu mwekundu ukionekana kwenye mfereji wa buluu, mtu anaosha mifereji yote.

Kuosha kuna utaratibu ambao watu huuruka. Toa uchafu kwanza kwa brashi na sabuni, ndipo utie dawa. Iodini ikikutana na utelezi na magamba inaishia hapo hapo kabla haijafika kwa bakteria. Kisha anika. Jua hukausha na kuua bila gharama, ila mwezi wa saba huku kwetu jua halipo, kuna ukungu tu tangu asubuhi, hivyo nina nyavu za ziada ili zile zilizolowa zipate siku mbili karibu na ukuta wa jiko.

Beseni la kukanyagia liko mlangoni. Wageni wa hoteli wanaokuja kupiga picha huliruka kwa mguu mrefu. Nimeliweka refu zaidi ya hatua ya mtu. Dawa yake nabadilisha kila asubuhi, na mapema zaidi ikichafuka. Beseni lenye matope ni la kuchekesha tu.

Samaki waliokufa hutolewa saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya chakula. Mzoga ulioachwa humwaga bakteria kwa mamilioni kwenye maji, na wenzake humdonoa. Tunahesabu, tunaandika, tunawatia kwenye shimo lenye chokaa, lililo mbali na mto na mbwa hawafiki. Hatumpi nguruwe wa jirani, hatutupi mtoni. Jirani yangu wa chini ana mifereji pia. Maji yangu machafu ni maji yake safi, na nyumba ya jirani ikiungua moshi unaujua.

Juu yangu mtoni kuna trauti wa porini, nao ni wabebaji kama wengine. Wavu wa kuingilia maji una matundu madogo na unasafishwa mara mbili kwa siku wakati wa mvua. Korongo na mdiria hudondosha samaki aliyeliwa nusu kutoka mfereji huu hadi ule, na fisi maji huburuta. Nimetandika neti juu ya vifaranga wote. Wakubwa bado wako wazi, pesa haijafika.

Mambo mawili ya maji huamua kama bakteria atashinda au hatashinda: msongamano na oksijeni. Baadhi ya bakteria hawa wako mtoni siku zote. Trauti aliyebanwa, maji yamepungua mwezi wa pili, oksijeni chini ya miligramu 6 kwa lita, amechubuka ubavuni kwa kuvuliwa vibaya, huyo ndiye wanayemngoja. Kiangazi kikianza nauza mapema hata kwa bei ya chini, na silishi siku ya kuwapanga. Watu hununua dawa kabla ya kununua kipimajoto. Mimi ningeanza na kipimajoto.

Daftari, na sampuli

Daftari langu lina safu nne: joto la asubuhi, waliokufa, kilo za chakula, na "nini si kawaida". Wakifa maradufu ya kawaida siku mbili mfululizo, napiga simu. Wakikataa chakula bila sababu ya hali ya hewa, napiga simu siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyekufa.

Maabara inataka samaki mgonjwa aliye hai au aliyekufa mbele yako sasa hivi. Yule uliyemkuta asubuhi akielea ameshajaa bakteria wa kuozesha, na majibu yatakupeleka kusikojulikana. Chukua watano au sita wenye dalili, waue upesi kwa pigo la kichwa, kila mmoja mfuko wake, juu ya barafu lakini usiwagandishe, wafike ndani ya saa 24. Andika joto la maji, tarehe dalili zilipoanza, na samaki wapya waliingia lini. Wataalamu hukuza bakteria kutoka kwenye figo, hivyo usimpasue mwenyewe kwa kisu cha jikoni ukawaharibia. Na uombe wapime ni dawa gani inayowaua bakteria hao.

Dawa, mwisho wa safari

Antibiotiki ya samaki huliwa ndani ya chakula. Mgonjwa hali chakula. Kwa hiyo dawa huwaokoa walioambukizwa lakini bado wana hamu ya kula. Yule aliyesimama kwenye wavu umeshampoteza. Kila siku unayochelewa, kundi la wanaokula linapungua.

Mimi nilipewa florfenikoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, siku 10, kwa cheti cha daktari. Siku ya nne vifo vilikuwa vimepungua na kijana wangu akauliza kama tuache ili tubakize dawa ya siku nyingine. Tulimaliza siku 10. Kuacha katikati ni kuwafundisha bakteria. Na usichukue pakiti ya dawa ya kuku agroveti ukakisia kipimo. Nimeliona hilo kwa watu wenye akili zao timamu.

Kuuza baada ya dawa kuna muda wa kusubiri, na kwa samaki muda huo hufuata joto la maji. Unazidisha nyuzi joto kwa siku. Ulaya, hadi mwaka 2022, dawa isiyosajiliwa kwa samaki wa aina hiyo ilisubiriwa si chini ya nyuzi-siku 500. Kwa maji ya nyuzi 12 hiyo ni takriban siku 42. Daktari wako atakupa idadi ya dawa yako, nawe iandike kwa kalamu nyekundu kwenye daftari na kwenye ubao wa mfereji. Hoteli moja ilinisukuma niwauzie siku ya 30. Waliendelea bila trauti wiki mbili.

Chanjo ndiyo ningependelea. Ile ya mdomo mwekundu ilipata leseni Marekani mwaka 1976, ya kwanza ya biashara kwa samaki, na vifaranga huchovywa tu kwa sekunde kadhaa. Muulize daktari kinachopatikana kihalali ulipo. Usiletewe kwenye mkoba na mtu anayetoka safari.

Swali la wateja

Huulizwa kila wiki: samaki wa shamba lililougua analiwa? Bakteria wa maradhi manne niliyoyataja hupenda maji yenye baridi kuliko mwili wa mtu. Si maradhi ya watu. Ila samaki mwenye vidonda simuuzi. Kinachotuhusu sisi tunaoshika samaki ni bakteria wengine, kama Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye mkato wa kidole na kuacha uvimbe usiopona kwa miezi. Glavu ndefu zinaning'inia kwenye msumari kando ya kila wavu, nami nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto kutoka siku ambazo hazikuwapo.

Mfereji wa juu sasa una vifaranga wangu wenyewe, walioanguliwa hapa. Baada ya msiba ule tuliukausha, tukaupaka chokaa, tukauacha mtupu wiki tatu. Wageni wa mwaka huu, 300, wako mfereji wa nne, wavu mwekundu, siku ya 19. Wanakula vizuri.